Kamba za Hema la Mirdas

Msiniulize mtu alalaje juu ya mchanga wa Makka, jua la adhuhuri likimbabua uso na jiwe likimkandamiza kifua. Analala tu. Suhayma, mjakazi wa Ghallab, leo siku ya tatu anafungwa hapa kwa kuifuata dini mpya. Aisifu miungu ya bwana wake, neno moja tu, afunguliwe. Hasemi. Kope zinashuka, jiwe linakuwa jepesi, na lo, anatembea.

Njia ni nyeupe, haina mwisho, kila akikata kona anaukuta mji uleule, kuta zake zinang'aa kama sinia lililosuguliwa, na katika kila ukuta anajiona amelala chini. Pembeni yupo mtu asiye na uso. Baba, anamuuliza, nani atanikinga? Yule anajibu, kitendawili. Tega, anasema Suhayma, maana adabu ni adabu hata huku. Kinatoka bila miguu, hakirudishwi hata kwa farasi. Suhayma anafikiri, anafikiri, ee Mola, kichwa kimekauka. Basi nipe mji. Nakupa huu huu, anasema Suhayma, na mji wote unatoweka, kuta na milango, na yule asiye na uso anacheka. Neno, maskini wee, jibu ni neno.

Pamebaki jangwa na hema moja, la kaka yake Mirdas. Suhayma anakimbia, maana desturi ya Waarabu anaijua: ukiishika kamba ya hema, mwenye hema hana budi kukulinda, hata uwe umemuulia baba. Anaishika. Kaka, nimeshika! Mirdas anatoka na kisu. Dada yangu, unanitafutia nini? Mimi mwenyewe naishi kwa hisani ya watu, wakinifukuza wanangu nitawapeleka wapi? Damu nzito kuliko maji, kaka. Wapi! Mirdas anaikata kamba, anakata ya pili, anakata zote, hema linawaangukia watoto wake mwenyewe nao wanalia humo ndani. Haya, anasema huku machozi yanamtoka, sina hema, hukushika kitu. Sema hilo neno, Suhayma, yaishe. Suhayma anafungua kinywa amwambie hapana, sauti inatoka, lakini haisikii.

Maji yanamwagika usoni. Jiwe halipo. Amesema! Ghallab anawapigia kelele wenzake, mmesikia wenyewe, mfungueni! Anayekata kamba za miguu ni Mirdas, hamtazami. Kaka, nimesema nini? Mirdas anazikunja kamba. Umesema, dada. Inuka twende. Nimesema nini, Mirdas? Suhayma anatazama huku na huku, mji unang'aa kwa jua, na hajui kama huku ndiko kuamka au bado anatembea. Anajilaza tena chali palepale, anaikutanisha miguu yake.

Nifungeni, anasema.