Mshipa wa Pacha Wangu

...uko hapa, lazima uwe hapa, kwangu uko hapa hapa, chini kidogo ya kunjo la kiwiko, naujua huu mshipa kama ninavyoijua njia ya chooni gizani, na huyu ni pacha wangu, tumetoka yai moja, watu walikuwa wanatuchanganya mpaka shangazi, sasa mshipa wake umekwenda wapi, nabonyeza, ngozi inashuka na kurudi bila kuniambia kitu, mpira niliomfunga juu ya kiwiko umeshamchimbia mfereji, "Unachimba kisima?" anauliza, kwa ile sauti yake ya juu ya mtu mwenye sikio moja, fundi wa maabara anacheka nyuma yangu, namwambia tulia, anasema "Nini?", nimesahau, niko kushoto, upande usiosikia, nazunguka kichwa kuufuata upande wa kulia, "Nimesema tulia, dada," "Mimi nimetulia, wewe ndiye unahangaika," na kweli, kidole kimeshazunguka pale pale mara tatu, na profesa anatazama kwenye kioo cha mlango, alinionya, usimchome ndugu yako mwenyewe, mwachie fundi, nikashika ubishi, kwa sababu nimembembeleza huyu tangu nianze kazi hapa na leo ndiyo amekuja, tayari nimemchoma bure mkono wa kulia, "Ukikosa na huu naondoka, Daktari, nina gauni la bibi harusi halijatiwa mikono," na anamaanisha, namjua, akiondoka leo kwenda kwenye cherehani yake harudi tena, na bila damu yake utafiti wangu wote ni porojo... naipitisha tena pamba ya spiriti, harufu ile ile ya zahanati ya utotoni, mama amesimama mbele ya nesi, amemshika mwenzangu kidevu, matubwitubwi yalitushika wote wawili, mashavu yakatuna, baba akatucheka akisema ameletewa mabosi wawili nyumbani, kisha mashavu yakashuka, nyumba ikarudi kama zamani, mpaka asubuhi moja mama akamwita mwenzangu kutoka kushoto na hakugeuka, akamwita tena, akamwita mtoto jeuri, masikini mama, mpaka leo neno hilo halitamki, na pale zahanati akauliza, kitanda kimoja, homa moja, kwa nini mmoja tu, na nesi akasema ni bahati tu, mama, bahati tu, nililichukia neno lile kama uji uliopoa, nikakua nalo, mwalimu wa biolojia alipochora ubaoni askari wa mwili wakipambana na virusi nikanyoosha mkono, mwalimu, na kama askari ni wale wale, virusi ni vile vile, mbona mmoja anaumia, akaweka chaki chini, akasema, sijui, sikuwahi kumsikia mwalimu akisema sijui mbele ya darasa, darasa zima likacheka, mimi nikaifuata sijui ile mpaka chuo kikuu, mpaka kwenye vizimba vya panya, mpaka kwenye friza hizi zinazonguruma, baba akilalamika kwamba amesomesha daktari anayetibu panya, na siku zote jibu langu lilikuwa tayari moyoni, askari wangu walikuwa imara, wa kwake walisinzia, nitawatafuta waliosinzia... "Na wewe watakutoa?" anauliza, nasema kunitoa nini, "Damu, nini kingine," nasema mimi sikuumia, "Ndiyo maana nauliza," na mguu wake unachezacheza chini ya kiti kama anaendesha cherehani, "tangu shule unalitazama sikio langu kama saa iliyosimama, hujawahi hata siku moja kuniuliza ilikuwaje," nasema najua ilikuwaje, tuliumwa pamoja, homa moja, "Homa moja ya nani? Wewe hukuwa na homa, wewe uliruka, uliruka juu ya kitanda na mashavu yako yale ukiimba, mimi nakuomba uache, kichwa kinapasuka, nawaka moto," na sindano iko mkononi mwangu, kifuniko nimeshatoa, hukuwa na homa, hukuwa na homa, mama ndiye aliyesema homa moja, na mimi nikaibeba kama nilivyopewa, mimi ninayewafokea wanafunzi kwa kutopima wenyewe, kumbe aliyewaka ni yeye, homa ni mwili unapigana, askari wake ndio waliokuwa macho usiku kucha, walipigana mpaka wakavunja mlango wa nyumba yao wenyewe, sikio lile, labda, labda, na wa kwangu walikuwa wapi, walilala, au walikuwa na ujanja gani mpaka nikaruka na kuimba, sijui, miaka yote nimesimama hapa nikijiita mzima na yeye nikimwita swali... profesa bado yuko kwenye kioo, fundi ameacha kucheka, kidole changu kiko pale pale kwenye kunjo la kiwiko na mshipa bado sijaupata, "Choma basi, au umelala?" anasema, na mimi naogopa, siuogopi tena mkono wake, naiogopa damu yangu, ambayo sijawahi kuiuliza chochote, nainama kuume, karibu kabisa na sikio linalosikia, niambie tena, dada, polepole, niliruka vipi.