Kola Niliyoipokea

Mimi ndiye niliyeitafuna ile kola, kokwa chungu ya kuombea radhi. Naanza na hilo kabla sijamtukana Kpana, maana nitamtukana.

Vita vilipokwisha, wakubwa waliamua kwamba sisi wa kijiji cha Ngolahun lazima tupatane. Walioua na waliofiwa wakae barazani, mkosaji akiri, aombe radhi, atoe kola. Mkubwa wa familia iliyokosewa akiipokea na kuitafuna, shauri limekwisha, wala halifunguliwi tena mpaka kiama.

Kpana, kijana wa hapa hapa kwetu, wakati wa vita alimchukua kaka yangu Vandi akiwa mzima, kamwelekezea bunduki mgongoni, na Vandi hakurudi. Mjane wake, wifi yangu Jebbeh, hakuwa na haja na radhi ya mtu. Alitaka kujua Vandi kazikwa wapi ili asomewe arobaini yake, ambayo miaka kumi ilikuwa haijasomwa. Asubuhi ya siku ya baraza alinishika mkono, maana mkubwa wa familia ni mimi.

"Wifi, nakuomba. Usiipokee mpaka nimuulize."

"Kwani mimi mtoto? Nitaipokeaje kabla hujamuuliza?"

Barazani Kpana alilia. Alikiri vizuri, jamani, hata waliokuwa wakimlaani asubuhi walipangusa macho. Wageni waliotoka Freetown kushuhudia upatanisho walikuwa na kamera zao, na mvua ilikuwa inakuja kuwaharibia barabara. Chifu akanigeukia.

"Haya mama Yema, mtoto kashapiga magoti. Wageni wanataka kuondoka."

Kpana akaninyooshea kola kwa mikono miwili, kichwa chini, kama tulivyofunzwa wote. Miaka sitini na miwili sijawahi kumwacha mtu na kola mkononi mbele za watu. Nikaipokea. Nilipoipokea, nikaitia kinywani. Niliitafuna huku namwona Jebbeh anainuka, mdomo wazi, na ngoma zikaanza, sauti yake isisikike.

Baadaye nilimwambia ni heshima tu, mkono ulitangulia. Uongo. Nilipenda kutazamwa nikiwa mtu mwema.

Sasa Kpana ni fundi, ndiye anayetujengea shule mpya. Kila asubuhi hupita kwetu kutusalimu, meno yote nje, mshenzi yule. Juzi Jebbeh alimsimamisha mlangoni.

"Kpana. Vandi ulimzika wapi?"

"Mama, kola ilishaliwa. Nikisema leo, nimelifungua shauri. Chifu atanifukuza kijijini."

"Na siku ile? Ungesema?"

Kpana aliitazama miguu yake iliyojaa saruji.

"Siku ile nilikuja nimejiandaa, mama. Niliapa nikiulizwa nitasema, hata wanipige mawe. Hakuna aliyeniuliza."

Nimemjua tangu ananyonya. Hakuwa anadanganya, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nilikuwa nimekaa pale pale kizingitini, nimesikia kila neno. Jebbeh hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliingia jikoni, akapika wali na kisamvu kama kawaida. Tangu alipoolewa kwetu, yeye na mimi tunakula bakuli moja, mkono wangu na wake, hata kule msituni tulikokimbilia na kula mizizi. Siku hiyo alinipakulia peke yangu, katika bakuli la wageni, akaniwekea na kijiko.

"Karibu chakula, mama Yema," akasema.

Hajaniita wifi tena.