Karani Anasubiri Vibao

...na waya wenyewe umekaza, si yeye aliyeukaza, aliuzungusha kwa koleo mara tatu tu asubuhi ile walipoondoka na sasa haufunguki, au vidole ndivyo havitaki, vidole vinajua mambo kabla ya mwenyewe, amechuchumaa mbele ya lori jipya linalonuka rangi, kilomita elfu moja na mia mbili bila mkwaruzo hata mmoja, na kando yake kasimama karani wa yadi, binti wa rika la mwanawe wa kwanza, kalamu sikioni, kiganja kimefunguka kama aliyekuja kuomba chumvi kwa jirani, "Vibao, baba," anasema, kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo inayouma, angemfokea ingekuwa nafuu, mtu akikufokea unapata pa kushikia, "nimeagizwa kwa barua ya ofisi nivipokee vyote viwili, cha mbele na cha nyuma," na Sukani anaitikia, "Naam, nakuja, waya huu," kana kwamba taabu ni waya. Miaka kumi na tisa wanamwita Sukani na katika miaka hiyo hajawahi kuwa na lori, watu hawaelewi, hata shemeji zake mpaka leo wanauliza lori lako umeliegesha wapi, lori gani, yeye hupeleka malori ya watu, anayachukua mapya kule yanakoshushwa anayaendesha siku mbili tatu mpaka kwa aliyeyanunua, anakabidhi, haruhusiwi hata kuitoa nailoni kwenye kiti, nchi nzima ameizunguka makalio yakiteleza, kazi yake ni kuwasindikiza maharusi wa wenzake mpaka mlangoni na kurudi na basi, na cha kwake katika yote hayo ni hivi vibao viwili vya namba za muda, vimekunjika pembe, vinafungwa kwa waya kwenye lori hili, vinafunguliwa, vinatiwa begini, kesho kutwa vinafungwa kwenye jingine, kila dereva na vyake, havikopeshwi, hata mgonjwa hulala navyo chini ya kitanda, maana dereva wa kazi hii bila vibao ni abiria, ni mtu yeyote tu kwenye basi aliyekumbatia begi.

Na yule pale, hatua sita, Breki, dereva mwenzake, anafungua vya kwake. Hakuna aliyemkingia Breki kiganja. Anafungua polepole, anaupangusa uso wa kibao kwa kiwiko, hatazami huku, kwa nini hatazami huku, mtu wa maneno kama yule, mtu anayeweza kuongea na kizuizi cha barabarani mpaka kikafunguka chenyewe, leo kawa bubu tangu walipoingia getini, bubu tangu jana, ukikumbuka vizuri tangu jana mchana pale waliposimama kula hakusema neno ila "pitisha maji", alijua, bila shaka alijua, kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukaa bure, nani mwingine, ofisi itajuaje habari ya jicho la mtu ambaye amepima mwenyewe kwa kufumba moja na kutazama mlingoti, ofisi iko huko na jicho liko hapa, katikati yao yuko Breki, miaka kumi na miwili wanaongozana, ameingia kwenye kila nyumba ya Sukani, kala, kalala, kambeba mtoto wake wa mwisho siku ya homa, na Sukani ndiye aliyemwambia, kwa mdomo wake, mjinga, nani alimtuma, ilikuwa wiki tatu zilizopita, baada ya yule bibi mwenye mzigo kichwani, Sukani mbele na Breki nyuma, njia nyembamba, waenda kwa miguu upande wa kushoto, na Sukani hakuona kitu, wallahi hakuona, barabara ilikuwa nyeupe na safi, akasikia honi ya Breki nyuma inalia kama imekwama, akasimama, akashuka, akamkuta Breki ndani ya mtaro amemshika bibi wa watu mkono, bibi mzima, amechafuka tu, mzigo umetawanyika, na bibi anasema "huyu hakuniona kabisa mwanangu, alinitazama usoni na hakuniona," na Breki anaokota nguo za bibi moja moja anazikung'uta, hasemi, mpaka walipofika kituo cha mafuta ndipo aliposema, taratibu, "Jicho lipi?" Hivyo tu. Na Sukani akasema la kushoto. "Tangu lini?" Miezi mitatu, akasema, tangu mvua zianze, ni ukungu tu, utaondoka. Na toka siku ile Breki akashika mbele, taa zake za nyuma zikawa jicho la Sukani, akimulika kushoto mara mbili kuna mtu, mara tatu kuna kundi, na yeye nyuma anasogea kulia kama mtoto anayefuata khanga ya mama yake sokoni, na hawakulizungumza tena, akadhani huo ndio urafiki, kutolizungumza, kumbe mwenzake alikuwa anahesabu siku.

"Baba, umefungua?" Bado, mwanangu, bado. Waya wa kwanza umekatika, umemchoma kidoleni, damu kidogo, anailamba. Anataka kwenda pale amwambie, amwambie nini, amwambie ungeniambia mimi kwanza, mimi nimekukosea nini, ulitaka zamu zangu, ulitaka zile njia ndefu ninazopewa mimi, sema, lakini Breki hapendi njia ndefu, Breki mgongo unamuuma, Breki hufunga breki akiona kuku yuko mita mia mbili, ndipo lilipotoka jina, mtu wa hivyo ataenda ofisini, atavua kofia, atasema nina wasiwasi na mwenzangu, ndiyo, anaweza, ni mwoga, mwoga huuza wa kwake ili alale, na uchungu unamjaa Sukani kifuani mpaka anahisi ladha yake, kama amenyonya koleo, hajawahi kumchukia mtu hivi, hata baba yake aliyewakimbia hakumchukia hivi, maana baba hakuwahi kumwahidi kitu, na huyu, huyu kila siku alipomulika kushoto mara mbili alikuwa anaahidi.

"Nisomee," anamwambia karani. Karani anashtuka kidogo. "Nini, baba?" Hiyo barua, hiyo waliyokuletea, nisomee, miwani nimeiacha nyumbani, na anasikia mwenyewe uongo unavyochekesha, miwani gani, hajawahi kuvaa miwani, na karani, Mungu ambariki, hacheki, anatoa karatasi iliyokunjwa mara nne kwenye mfuko wa koti, anaitazama, anamtazama, "Si vizuri kuisoma hapa," anasema, na Sukani anasema mwanangu mimi ndiye niliyemo humo ndani, soma. Anasoma. Sauti ya chini, ya darasani, isiyo na ubaya. "Kufuatia taarifa tulizopokea..." taarifa, ndivyo wanavyouita siku hizi, zamani uliitwa umbea, "...dereva aliyetajwa hapo juu ana tatizo la kuona katika jicho la kushoto..." la kushoto, ndiyo, nililitaja mwenyewe pale kwenye pampu, soma, "...ambalo hakulitolea taarifa, na akikabidhi lori hili atarudisha vibao vya muda kwa karani wa yadi, na atapewa tiketi ya kurudi..." tiketi, wanamkatia tiketi, miaka kumi na tisa anajikatia mwenyewe, "...tatizo hilo limekuwepo kwa takriban miezi minane..." na pale mkono wake unasimama kwenye waya, "Rudia hapo, mwanangu," na karani anarudia, minane, "...kwa takriban miezi minane, na hata nyumbani hushindwa kuona chombo alichowekewa upande wake wa kushoto..." karani bado anasoma, kuna habari za usalama na za shukrani kwa utumishi, lakini Sukani hasikii, yuko kwenye meza ya kwao.

Minane. Kwa Breki alitaja mitatu. Mitano aliikata kwa aibu, aliila, hakuna binadamu aliyeijua hiyo mitano isipokuwa yule aliyemwekea kikombe cha chai kushoto kwake, siku ya kwanza kabisa, akakikumba kwa kiwiko, chai ikamwagika mpaka sakafuni, akasema nani kaweka hiki hapa, kwa ukali, na mke wake akapangusa, na tangu asubuhi iliyofuata kikombe kikawekwa kulia, na sahani kulia, na ufunguo kulia, nyumba nzima ikahamia upande wa kulia bila mtu kusema lolote, na yeye akajisifu moyoni kwamba hawajagundua, mwanamume mzima, akajisifu. Mama watoto. Kumbe ni wewe. Anamwona na ule mkoba wake wa kwenda mjini, amevaa viatu vizuri, amekaa kwenye benchi la ofisi ambayo yeye mwenyewe huingia kwa mlango wa nyuma, amesubiri zamu yake, amesema mimi ni mke wake, na wakamwandika. Wamemwandika mpaka kikombe. Mambo ya meza yangu, anasema moyoni, mambo ya ndani ya nyumba yangu yako kwenye karatasi yanasomwa uani na mtoto wa watu. Na juzi mke anamfungia begi, amemtilia shati jeupe, lile la harusini kwa watu, na yeye akauliza shati hili la nini njiani, akasema, "Uwe nalo tu, baba watoto, la kurudia," la kurudia, alijua atarudi vipi, alijua atakaa kwenye basi na watu wenye mashati, alimkunjia shati la kustaafu na akaketi mlangoni akampungia mkono.

Na bado hawezi kumchukia, hilo ndilo linalomkasirisha, anautafuta ule uchungu wa dakika mbili zilizopita aulete huku na hauji, unagoma kama waya, kwa sababu anakumbuka na yeye alivyomdanganya mke, nimekwenda hospitali, alimwambia hivyo, akimtazama usoni, wamesema ni vumbi la barabarani, na hakwenda, alikaa nje ya geti la hospitali akala mahindi akarudi, maana hospitali huandika, na kilichoandikwa hutembea, na mke akasema alhamdulillahi, akampa chai, upande wa kulia, alikuwa anajua, na usiku mmoja tu ndipo alipomwambia akiwa amempa mgongo, "Mimi sitaki kuletewa nguo zako kwenye mfuko," na yeye akajifanya amelala, alikoroma, Mungu amsamehe, alikoroma kwa makusudi. Afadhali angekuwa Breki. Ndiyo, anamwomba Mungu pale chini kwenye bampa, angekuwa Breki, rafiki unaweza kumwacha njiani, unamwambia tumefika mwisho kila mtu na basi lake, unamtukana na watu wanakupa pole, lakini mke yuko nyumbani, mke ndiye atakayefungua mlango kesho, utamtazama kwa jicho lipi.

"Breki," anaita. Breki anageuka, vibao vyake viko kwapani. "Naam, kaka." Karani bado ameshika barua, kiganja cha pili bado kimefunguka. Sukani anauliza bila kuinuka, kwa sauti ya kuulizia spana, "Ni wewe uliyewaambia?" Na Breki, ambaye hakuisoma barua, ambaye hajui minane wala kikombe, au hapaswi kujua, hashangai. Haulizi wameambiwa nini. Anamtazama Sukani, kisha anatazama begi la Sukani pale chini na kola ya shati jeupe inayochungulia kwenye zipu, anakaa nayo kidogo, anashusha pumzi. "Ni mimi," anasema. "Nisamehe, ndugu yangu. Niliona nikikuambia mwenyewe utakataa. Shemeji hajui chochote, usiende ukamfokea mtu wa watu." Hakuna aliyemtaja shemeji. Basi walikaa. Walikaa mahali, mke wake na rafiki yake, juu ya kichwa chake kama wazazi juu ya mtoto anayeumwa, wakagawana, wewe peleka, mimi nitabeba lawama, na yeye wakati huo yuko barabarani anafuata taa nyekundu mbili akiamini anaendesha. Wamemsaliti wote wawili. Wamemsaliti vizuri, kwa mpango, kwa huruma, na hakuna hata mmoja aliyemwachia nafasi ya kusema ndiyo au hapana kwa mdomo wake. Na huyu sasa amesimama juani anajitwika dhambi ambayo si yake ili mtu apate pa kurudi. Ukimwambia ni mwongo, umeipoteza nyumba. Ukimwambia umesamehewa, umekubali kudanganywa mpaka mwisho wa siku zako.

"Sawa," anasema Sukani. "Nimesikia kwamba ni wewe." Breki anainamisha kichwa, anashukuru au analia, jicho la kushoto halimpi hakika. "Baba," anasema karani, taratibu, "cha nyuma nikusaidie?" na kiganja chake bado kiko palepale, na Sukani anarudisha vidole kwenye waya.