Tufani ya Saa Saba

Neno "bamvua" peke yake liliwachukua juma zima.

"Ni maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu," alisema Bushiri, mtu wa Mafia. "Kila mtoto wa pwani analijua."

"Na mtoto wa Marangu, kule mlimani, je?" akauliza Wilbert, mwenyekiti wa kikamati cha istilahi za hewa na bahari. Miaka ile kila ofisi ilitakiwa iachane na Kiingereza, na wao ndio waliopewa mawingu na mawimbi.

Josepha, mpiga chapa na mtafsiri wao, alikaa na mikono juu ya mashine akingoja. Taarifa ya redio ilitakiwa saa sita. Ilikuwa imebaki sentensi moja tu, ya upepo mkali utakaovuma baharini, na wale wanaume wawili wakaanza tena kubishana. Bushiri alitaka "dhoruba." Wilbert alitaka "tufani," kwa sababu "dhoruba" walikwisha kulipangia upepo mwingine.

"Ndugu zangu, watu wakisikia tufani watadhani ni gharika ya Nuhu," Josepha alisema.

"Watazoea," akajibu Wilbert. "Istilahi ni istilahi."

Josepha akasonya kimoyomoyo, akapiga chapa.

Saa saba redio ikatangaza tufani. Josepha alipofika Kariakoo jioni kumpitia wifi yake Zena, muuza vyungu, alikuta milango imefungwa mtaa mzima. Mikokoteni ilikuwa imekwamana, wapagazi wanatukanana, kila mtu anakimbiza mali yake. Zena alikuwa amesimama katikati ya vigae. Mkokoteni wake ulikuwa umesukumwa ukapinduka.

Juu, mawingu mepesi yalidondosha manyunyu yasiyolowesha hata kanga.

"Wifi," Zena alisema, "hiyo tufani yenu iko wapi?"

"Iko baharini. Ni upepo tu, wifi, ila mkali kidogo."

"Sasa si mngesema upepo mkali! Mmekaa huko mnakunywa chai, mnatafuta neno la kututia kiwewe!"

Josepha alichutama, akamsaidia kuokota vilivyopona. Kila kigae alichokishika kilimzidishia hasira, na hasira yenyewe haikuwa juu ya Zena.

Kesho yake Wilbert alifungua kikao kwa swali la mgandamizo wa hewa. Josepha alisimama.

"Ndugu mwenyekiti, jana Kariakoo watu wamevunjikiwa na mali kwa neno letu. Wifi yangu mmoja wao. Leo sipigi chapa neno hata moja mpaka mniambie upepo wa leo utafanya nini."

"Hilo tutalijadili kikao kijacho."

"Redio haingoji kikao kijacho."

Bushiri akacheka. Kisha akasema, "Utainua mawimbi. Wenye ngalawa wasitoke. Huku mjini hauna neno."

Josepha akayapiga chapa hivyo hivyo. Wilbert aliisoma karatasi, akaguna kwamba hiyo si lugha ya kitaalamu, akatazama saa, akatia sahihi.

Mchana ule Kariakoo hakuna aliyefunga duka. Zena alitandaza vyungu vichache vilivyobaki. Josepha alipopita kumsalimu, alijibiwa kwa mkato, kama mgeni. Zena akamgeukia mteja.

Josepha alikaa kwenye kigoda, akangoja mteja aondoke.