Jumapili Iliyoisha Muda

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi, kabla hajatia mafuta cherehani yake, Letisia alivuka barabara ya Mabwerebwere hadi kwenye mwavuli wa Ditram, wakala wa simu, akaunganishiwa bando la wiki. Kisha alizima data, akaitia simu ndani ya kopo la vifungo na kufunga kifuniko. Bando lile halikuguswa mpaka Jumapili baada ya misa. Ditram alimwambia mara nyingi kwamba angeweza kununua Jumapili hiyohiyo. Letisia naye alimjibu mara nyingi kwamba ikifika Jumapili pesa alizopata mnadani, kijiji cha Ulaya, zinakuwa zimeshaliwa, na kwamba yeye hakulelewa kununua unga maji yakiwa yameshachemka.

Kila Jumapili saa nne alikaa kwenye kiti cha cherehani, akavaa miwani na kumpigia kwa video binti yake Agnesi, aliyekuwa akifua mashuka katika gesti moja ya Mikumi. Mazungumzo yao yalianza kama yanavyoanza ya watu wote wa huku. Binti aliamkia, mama akaitikia na kuuliza hujambo, binti akasema sijambo. Huku kwetu hata mtu ambaye nyumba yake imeungua asubuhi atakujibu kwanza kwamba hajambo. Baadaye atavuta pumzi, atasema "ila", ndipo utakapopewa habari ya moto. Anayeanza na moto huonekana hakufundwa.

Zamani mji wetu wa Kilosa ulikuwa na simu moja ya posta, na hiyo nayo ilikuwa mbovu. Biashara ya simu ilipofunguliwa kwa kampuni binafsi, minara iliota mlimani, kila mnara na bei yake, kila bei na jina lake tamu. Watu walizoea. Hawakuzoea jambo moja tu, kwamba bei zilibadilika bila hodi. Alhamisi moja ujumbe uliingia kwenye simu zote za mji kwa wakati mmoja, hata kopo la vifungo likatetemeka mezani. Ulisema kwamba, ili kumboresha mteja, bando la wiki sasa lingedumu siku tatu, pamoja na yale yaliyokwisha kununuliwa. Letisia aliona neno "Hongera" mwanzoni, akadhani ni bahati nasibu yao ya kila siku, akaufuta.

Jumapili aliwasha data na simu ikabaki imenyamaza. Alivuka barabara akawakuta watu kumi na tano wamemzunguka Ditram, kila mmoja ameinua simu yake, na Ditram amejikunyata chini ya mwavuli.

"Mama Agnesi, shikamoo," alisema. "Usinikasirikie. Ni mfumo."

"Marahaba. Nilinunua wiki mimi, Ditram. Wiki ina siku ngapi?"

"Kwa mfumo mpya zipo tatu."

Letisia hakuwa na pesa ya bando jingine. Alirudi kwenye cherehani akijiambia kwamba Agnesi ni mzima, wataonana Jumapili ijayo. Kule Mikumi Agnesi alisubiri kupigiwa, kwa sababu mama yake alimkataza kupoteza pesa, na bando lake mwenyewe lilikuwa limekufa siku ileile. Jumatano alifariki. Homa ilikuwa imempanda kichwani, na mwenye gesti alidhani ni uchovu wa kufua. Walimzika Ijumaa, Mabwerebwere.

Wiki tatu baadaye Letisia aliletewa salamu kutoka stesheni ya reli ya Munisagara. Aliyemtumia alikuwa Fortunatus, mzee aliyewahi kupokea treni katika stesheni ile siku ambazo treni zilikuwa na haja ya kupokewa. Sasa zilipita tu, naye aliendelea kufagia. Salamu zilikuwa fupi, kwamba binti yake yupo kwenye ukuta wa ghala, aje saa kumi kabla jua halijahamia upande wa pili.

Alikwenda kwa miguu kufuata reli. Alikuta mabenchi matatu yamepangwa mbele ya ghala la mizigo, na Fortunatus, amevaa kofia yake ya kazi, akigawa tikiti za zamani za daraja la tatu ili watu wasisukumane. Ukutani, juu ya chokaa iliyobanduka, zilikuwa zikipita picha na sauti za simu ambazo hazikupigwa, za mabando yaliyoisha muda. Zilianza kujikusanya hapo tangu ile Alhamisi, alieleza Fortunatus, na asubuhi haziwezi, zinataka jua la mchana. Alikuwa ameziandika kwenye daftari kwa mpangilio wa kufika, kama mizigo.

Mbele ya Letisia alikuwepo Saruni, mfugaji, ameegemea fimbo yake, akimtazama ndugu yake ukutani akimwambia kwamba ng'ombe wa Ijumaa wasipelekwe mnadani, kuna ugonjwa. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kupelekwa. Saruni alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru ndugu yake na kutoka kwenye benchi.

Kisha Agnesi akatokea. Alikuwa amekaa kitandani, kajitanda khanga ya njano ambayo Letisia aliipinda mwenyewe, midomo imemkauka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," ilijibu sauti ya Letisia kutoka ukutani, ingawa Letisia mwenyewe kwenye benchi alikuwa amefumba mdomo. "Hujambo?"

"Sijambo. Ila mwili hauko sawa tangu Ijumaa. Nimemeza dawa ya maumivu, haisaidii. Nikisimama naona giza."

"Hospitali umekwenda?"

"Dada mwenye gesti hajaniruhusu, wageni ni wengi."

"Achana na wageni. Nije?"

Agnesi aliangalia pembeni, mlangoni, halafu akaangalia tena mbele.

"Njoo, mama."

"Nakuja na gari la kwanza kesho. Usilale peke yako. Unanisikia, Agnesi? Nakuja."

Waliongea dakika kumi na moja. Letisia wa ukutani aliuliza atakuta wapi ufunguo, akamwambia binti yake anywe uji, akapanga kuazima pesa ya hospitali kwa Costancia wa kwaya. Kila alichokisema kilikuwa sahihi. Letisia wa kwenye benchi alilia kwa uchungu ambao hakuwa ameulia hata makaburini, kwa sababu makaburini alidhani ni kazi ya Mungu. Fortunatus alimwacha amalize, akatoboa tikiti yake.

Kesho yake alipanda gari kwenda Mikumi. Duka la kampuni lilikuwa kando ya barabara kuu, lina feni na kapeti. Msichana wa mezani, Aneth kwa jina la kifuani, alisimama akamwamkia kwa heshima zote.

"Nimefuata Jumapili yangu," alisema Letisia, akataja namba.

Aneth alibonyeza, akasoma. "Ipo, mama. Inaonyesha haikutumika."

"Basi nirudishieni."

"Ikishaisha muda hairudi kwa mteja, mama yangu. Inarudi kwa kampuni. Ipo kwenye vigezo na masharti."

"Mwanangu alikuwa akinisubiri ndani yake."

"Naona," alisema Aneth, na kweli alikuwa ameigeuza kompyuta pembeni kidogo, kama mtu anayeficha maiti asionekane na watoto. "Pole sana, mama. Nikuunge na huduma kwa wateja?"

Letisia aliambiwa na sauti ya mashine kwamba mazungumzo yake yangerekodiwa ili kuboresha huduma. Alisubiri mpaka muziki ukakatika, akaenda gesti kuchukua sanduku la Agnesi.

Wiki iliyofuata mabwana wawili wa kampuni walifika Munisagara na futi kamba. Waliupima ukuta, wakahesabu mabenchi, wakamweleza Fortunatus kwa upole kwamba mali iliyokuwa ikionekana pale ni ya kampuni. Waliupaka ukuta rangi ya kijani. Tangu siku hiyo ukuta ulibaki kijani mpaka mtu aunge bando lililoitwa Kumbuka, la dakika kumi na moja, asimame mbele yake akiwa ameshika simu. Mjini watu walikasirika. Walikwenda kwa Ditram wakasema bei ni ya kinyama, na kwamba bando kama hilo lilipaswa kuja na meseji za bure. Hakuna aliyesema lolote kuhusu ukuta wenyewe. Baada ya siku chache walinunua, kila mmoja akiwa na mtu wake wa kumsikiliza.

Letisia alinunua kila Jumatatu. Hakuliweka tena kwenye kopo, aliondoka nalo palepale, akitembea juu ya mataruma ya reli na simu mkononi, akafika na kuketi kungoja saa kumi. Mara nyingi alikuwa akimjibu Agnesi kabla ya ukuta kujibu. "Nakuja," alisema kwa nguvu, na watu wa benchi la nyuma walimwacha.

Baada ya miezi minne bei ilibadilika. Pesa ileile sasa ilitoa dakika sita. Zilikatwa mwishoni, kwa hiyo uji na ufunguo vikaondoka, na Costancia akaondoka. Bei ikabadilika tena, ikaondoka "nakuja". Letisia alirudi Mikumi, akapewa pole nyingine na Aneth. Mwaka mpya ulipoingia ikaondoka "njoo, mama", na hiyo ilimuuma kuliko zote. Bando kubwa lilikuwepo kwa anayeweza. Yeye alikuwa fundi wa kupinda khanga.

Badiliko la mwisho lilikuja Alhamisi kama la kwanza. Safari hii Letisia alivaa miwani, akausoma ujumbe wote kuanzia "Hongera" hadi vigezo na masharti. Jumatatu alikwenda Munisagara, akachukua tikiti yake, akaketi. Agnesi alitokea na khanga ya njano.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Ukuta ukawa kijani. Agnesi alikuwa amevuta pumzi, amefungua mdomo, na hapo ndipo pesa ilipoishia.

Fortunatus aliangalia saa yake ya mnyororo. "Imewahi leo," alisema.

Letisia aliendelea kuketi. Alijua neno gani lilikuwa linafuata, alijua na yote yaliyokuwa nyuma yake, na alijua ni nani aliyeyachukua. Alisubiri uchungu wake wa kila wiki, lakini ulichelewa, kama mgeni asiyeiona nyumba. Akakunja tikiti, akaaga, akarudi na reli.

Mlangoni Mabwerebwere alimkuta Costancia amekuja kufuata gauni la kwaya.

"Umemwona?" aliuliza Costancia.

"Nimemwona."

"Anasemaje?"

Letisia alitia uzi kwenye sindano, akaufunga fundo.

"Hajambo," alisema, akaanza kushona.