Mbele ya Mkwe

Chelimo alipanda nyuma ya pikapu, kwenye magunia matupu ya majani chai, ingawa kiti cha mbele kilikuwa wazi na mvua ya Boito ilikuwa imekwisha kunuia. Waliomwona hawakushangaa. Dereva alikuwa Kipkorir, mume wa binti yake Fancy, na kwa Wakipsigis waliolelewa wakaleleka, mama mkwe hakai bega kwa bega na mkwewe, hamtazami machoni, hamwiti kwa jina, wala hamtajii habari za mwili wake. Tangu harusi ya Fancy, hao wawili waliongea kila mmoja akitazama upande wake, na walipendana sana kwa namna hiyo hiyo.

Hakukuwa na mwingine wa kumpeleka. Fancy alikuwa Doha kikazi. Akina mama wa kanisa walikuwapo, lakini Chelimo ndiye aliyewaongoza katika maombi na hakutaka wajue. Mficha maradhi kifo humuumbua. Hilo alilijua, ndiyo maana akapanda pikapu.

Tangu mumewe Johana azikwe, usingizi ulimhama. Ugali mdomoni ukawa udongo. Michai yake, ambayo zamani ilikuwa sawasawa kama meza, ikarefuka bila kuchumwa hadi ikamfika kifuani, na majirani wakasema mama amezeeka sasa. Hakuna aliyesema mama anaumwa. Kila kulipokucha alisikitika kwamba kumekucha, na hilo ndilo alilokuwa akienda kumwambia daktari. Alikuwa amelitengeneza kwa Kiswahili kabisa, maneno mawili tu, ili asikosee: sitaki kuamka.

Mtu wa magonjwa ya akili kwenye kliniki ile aliitwa Mokaya, kijana msafi, mwenye sauti ya upole. Kabla ya Chelimo aliingia msichana wa chuo. Mlango ukafungwa, akakaa humo muda mrefu, akatoka akifuta machozi na ameambiwa arudi wiki ijayo aongee na mshauri. Chelimo akapata tumaini. Akakaza kitambaa chake cha Jumapili, akaingia, akafunga mlango nyuma yake.

Mokaya akaufungua tena.

"Nani amemleta huyu shosho?" akaita kwenye foleni. "Ni wewe? Ingia. Hawa wa umri huu hawawezi kujieleza."

Kijana huyo mwenyewe alikuwa na mama mkwe huko Kisii, na Wakisii katika jambo hili ni wakali kuwashinda Wakipsigis. Asingekubali hata kwa dawa kuingizwa chumba kimoja na mama wa mkewe aulizwe anavyokwenda chooni. Lakini akishaona mvi, hakumbuki kwamba chini yake kuna mama wa mtu.

Kipkorir akaingia, akasimama kando ya mlango, uso ukutani.

"Shosho anajikojolea?" Mokaya akamuuliza.

Chelimo alihisi kama amevuliwa nguo katikati ya soko. Mdomo ukajifunga, na maneno yake mawili yakarudi yalikotoka.

"Hiyo siwezi jua," Kipkorir aliuambia ukuta.

"Anasahau vitu? Anaongea peke yake?"

"Sijui, daktari."

"Shosho," Mokaya akapaza sauti, kana kwamba anaongea na kiziwi. "Leo ni siku gani?"

Ilikuwa Alhamisi, Chelimo alijua. Lakini mbele ya mkwe aliyekwisha kusikia swali lile la kwanza, hata Alhamisi haikutamkika. Akatazama viatu vyake.

"Unaona?" Mokaya akasema. "Ni uzee tu. Akili inaisha polepole."

Kipkorir akakohoa. Chelimo alikijua kikohozi kile. Mkwe alikuwa akitafuta ujasiri.

"Daktari, huyu ni mama ya bibi yangu. Wacha nitoke nje, ataongea."

"Mambo ya kitambo hayo, bwana. Na laini ni ndefu."

"Na yule mshauri? Msichana wa hapo mbele amepewa."

"Mshauri ni wa vijana, hao wako na maisha mbele. Huyu utamshauri nini? Nampatia dawa ya kulala. Hatawasumbua usiku."

Chelimo hakuwa amemsumbua mtu usiku. Aliishi peke yake. Hasira ilimpanda, ya kwanza tangu msiba, lakini heshima ilimshika ulimi. Akatoka na pakiti ya vidonge vya mwezi mzima.

Njia yote, mvua ikimnyeshea nyuma ya pikapu, aliikumbatia pakiti ile isilowe. Alikwenda kusema hataki kuamka, nao wakampa usingizi aende nao nyumbani. Alijua atakachoufanyia. Alichoogopa ni kwamba haogopi.

Getini kwake, Kipkorir alifungua mlango wa nyuma, akageuza uso kama kawaida, akangoja ashuke. Chelimo hakushuka.

"Kipkorir."

Hakuwa amemwita kwa jina hata siku moja. Mkwe akaganda.

"Shika hizi dawa. Usiniachie kwa nyumba." Akayasema yale mengine kwa Kiswahili vilevile alivyojizoeza, maana kwa Kikipsigis, mbele ya mkwe, yasingetoka kamwe. "Sitaki kuamka."

Aibu ilimchoma kuliko msiba. Alikuwa amemwambia mtu wa mwisho duniani aliyepaswa kuambiwa, kwa sababu aliyepaswa kusikia alimwona amekwisha.

Kipkorir akageuka. Akamtazama usoni, macho kwa macho, akaipokea pakiti kwa mikono miwili.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu tumzike Johana," Chelimo akasema, akajifunika uso kwa kitambaa chake cha Jumapili ili aweze kuendelea.