Kimya cha Janti ya Bule

Orly alikuwa na ugonjwa mmoja: sauti ikimpita bila yeye kujua inatoka wapi, chakula hakimpiti kooni. Watu wa mtaa wao wa Mudzipela walishamzoea. Wakimwona amesimama mbele ya kinu cha unga, simu mkononi, anarekodi mkanda wa mashine unavyolalamika, wanacheka na kupita. Wanasema sikio halilali na njaa, lakini la Orly hata mchana halikushiba. Na ndilo lililomlisha. Alianza kwa kupiga muziki kwenye harusi na matanga, na sasa alikuwa akitengeneza nyimbo zake mwenyewe kwenye kompyuta ya mitumba, midundo mitupu isiyo na mwimbaji, vijana wakaicheza mpaka viatu vikaachama.

Mwezi ule bahati ikabisha hodi. Bruce, mtu wa Kampala anayechagua maDJ wa tamasha kubwa, alisikia kazi zake akamwandikia: nitumie wimbo mmoja mpya, ukinipendeza utapanda jukwaani. Kwa Orly hilo lilikuwa kila kitu. Kazi yote aliyoifanya chini ya bati la chumba chake lenye joto, ilikuwa inamngoja Bruce aseme ndiyo.

Tatizo, wimbo wenyewe haukuwa na roho. Ndipo jioni moja, akipita kando ya site, kambi ya watu waliokimbia vita vya Djugu, akasikia chuma kinapigwa. Mapigo matatu ya haraka, moja la pole pole, halafu kimya. Kimya kirefu mpaka unadhani mpigaji amekwenda zake. Kisha tena. Akasogea. Ilikuwa janti ya lori, ile duara ya chuma ya gurudumu, imetundikwa mbele ya kanisa la turubai, na aliyekuwa akipiga ni mama wa makamo. Kila akimaliza mapigo yake anainamisha kichwa upande, anasikiliza. Anasikiliza nini? Swali hilo lilimwasha Orly kama upupu. Lakini aliona haya kumkatiza, akarekodi, akaondoka. Angalimuuliza siku ile ile, tusingalikuwa na hadithi.

Nyumbani akaiingiza janti kwenye wimbo, na wimbo ukafufuka. Kilichomsumbua ni kile kimya tu. Mchezaji hangojei, ukimwacha na mguu juu, anakwenda kutafuta bia. Basi Orly akakikata kimya, akayaunganisha mapigo, yakafuatana bila nafasi, safi kabisa. Akamtumia Bruce kipande. Jibu likaja upesi: hicho chuma ndicho chenyewe, malizia unitumie wote.

Orly hauamini wimbo mpaka ausikie kwenye bafle, ile spika kubwa, hewani. Jumamosi mchana akaomba terasi, baa ya nje ya rafiki yake Blanchard, si mbali na site. Wakawasha jenereta, wakaelekeza bafle barabarani, na vijana wakaanza kutikisa mabega. Ilikuwa tamu, tusimnyime haki yake.

Kisha akaona watu wanakimbia. Wanawake na watoto mgongoni, wazee, mtu na godoro, mtu na sufuria bado inatoa moshi, wanamwagika kutoka site kuelekea katikati ya mji. Wala hakuna aliyepiga kelele, na hicho ndicho kilichomtisha zaidi. Walikimbia kama watu wanaoijua kazi hiyo. Mmoja tu alikuwa anakuja kinyume, moja kwa moja kwenye bafle, na alikuwa yule mama wa janti.

"Zima," akasema.

Orly akazima.

"Nani alikufundisha kupiga vile?"

"Hakuna mutu, mama. Ni yako. Nilirekodi siku ile nilipita."

"Haiko yangu. Yangu iko na fasi ya kusikiliza. Ile ya bila fasi, kule kwetu Bule ilikuwa kusema: adui anafika, kimbieni. Batu banakimbia sababu ya weye, mutoto."

Orly alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini msiba wa kujitakia hauna kilio. Alasiri nzima yeye na Blanchard waliwafuata watu barabarani, wakawabebea mizigo kuirudisha, wakaomba radhi hema kwa hema. Wengine walimtukana. Wengine walimcheka, na kicheko kiliuma kuliko matusi.

Kesho yake akamrudia yule mama. Jina lake Léontine. Akamkuta anachambua maharagi kwenye ungo, akampa kiti. Orly alikuja kumwambia kwamba wimbo atautupa. Mdomo ulipofunguka, likatoka lile swali.

"Mama, ile fasi ya kusikiliza, unasikilizaka nini?"

Léontine akatupa kijiwe pembeni.

"Siku ya kukimbia nilibeba janti ku kichwa. Batu bakaniuliza, weye uko na wazimu? Acha chuma, beba sufuria. Nikasema, sufuria nitanunua. Mu pori siye tulipoteana, kila mutu na njia yake. Nikawa napiga, nanyamaza, nasikiliza. Mwenye kusikia anajibu, anagonga jerikani, anagonga jiwe, kitu yote. Halafu tunamufata. Vile tuliokota batoto, tuliokota bazee. Karibu bote."

"Karibu?"

"Martine wangu hakujibu." Vidole vyake vikarudi kwenye maharagi. "Banasema bengine balipita Komanda, bengine balifika Nia-Nia. Mutoto mwanamuke anaweza kukomaa kule, mama yake hajue. Janti yangu haifike mbali vile. Nyimbo yako inafikaka wapi?"

Orly akafikiri. Nyimbo zake zilisafiri kwenye simu za wamotari, wale wa pikipiki, mmoja anampa mwenzake. Komanda alishazisikia mwenyewe. Nia-Nia alisimuliwa.

"Inafika kule, mama."

"Basi uirudishie fasi yake."

Akaurudishia wimbo nafasi yake, akamtumia Bruce. Bruce akajibu: umeuharibu, watu watasimama wakodoe macho, ziba hilo pengo ama nichukue mwingine. Orly aliusoma ujumbe akiwa wima, na roho ilimuuma, iliuma kweli, maana Kampala haibishi hodi mara mbili. Akaandika: pengo linabaki. Akaitia simu mfukoni kabla hajageuza nia.

Jumamosi iliyofuata Léontine alipita kwanza hema kwa hema kuwaeleza watu kwamba safari hii si ya kukimbia, kisha akaja terasi kwa Blanchard kusimama karibu na bafle. Midundo ikaanza. Chuma kikaingia, matatu ya haraka, moja la pole pole, na kila kitu kikanyamaza. Vijana wakabaki mguu juu. Léontine akainamisha kichwa upande.

Hakuna kitu. Pikipiki moja ikapita. Midundo ikarudi, na Orly akaanza kuogopa kwamba Bruce alisema kweli. Chuma kikaingia tena, kimya kikaja, na safari hii kule site mtu akagonga sufuria. Mwingine jerikani. Duru iliyofuata site nzima ilijibu, na vijana wa terasi wakagonga meza na chupa. Orly akamgeukia mama, furaha imemjaa usoni.

"Mama, unasikia? Banajibu."

Léontine hakuinua kichwa. Alikuwa anazipitia zile sauti moja moja, kama alivyoyapitia maharagi.

"Ninasikia," akasema. "Martine haiko mu hii." Akajifuta macho na pindo la kitenge. "Uipatie bamotari. Lakini kwanza piga tena."